Ugatuaji wa Madaraka Si Kusogeza Ofisi

Wilaya mpya ikitangazwa, au wizara ikifungua dawati lake mkoani, hakosekani kiongozi wa kusema kuwa huo ndio ugatuaji wa madaraka. Jambo lenyewe ni jema, maana mwananchi hatapoteza tena siku nzima barabarani akifuata saini. Ila ugatuaji ni kitu kingine.

Ugatuaji ni serikali kuu kukabidhi mamlaka ya kuamua, pamoja na fedha na watumishi wa kutekeleza uamuzi, kwa chombo kilichochaguliwa na wakazi wa eneo na kinachowajibika kwao. Kwa Tanzania Bara chombo hicho ni halmashauri, na chini yake vijiji na mitaa.

Kinachochanganywa nao ni serikali kuu kumweka mtumishi wake karibu na watu. Mkuu wa Wilaya anaishi wilayani na huenda ni mchapakazi kweli, lakini ameteuliwa na Rais na anawajibika kwa Rais. Diwani anaweza kuwa mzembe, lakini wapiga kura wa kata ndio waliomweka na ndio wenye uwezo wa kumtoa. Ofisi zao zinaweza kuwa uwanja mmoja, na bado mmoja ni mkono wa serikali kuu, mwingine ni wa serikali za mitaa.

Kosa hili tumewahi kulilipia. Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani. Jina lilikuwa zuri. Wataalamu na mafungu ya fedha vilipelekwa mikoani na wilayani, lakini papo hapo halmashauri za kuchaguliwa zikafutwa. Serikali ikawa karibu zaidi na mwananchi, naye akawa na sauti ndogo zaidi ndani yake. Huduma za mijini zilidorora hata mabaraza ya miji yakaanza kurudishwa mwaka 1978. Sheria za 1982 zikazirejesha serikali za mitaa kwa upana wake, nazo zikaanza kazi 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuzifuta ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Nadhani kila anayeandika mpango wa maboresho angepaswa kuanzia hapo.

Leo Ibara ya 146 ya Katiba inasema wazi kuwa madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sera ya maboresho ya 1998 ikafafanua: madaraka ya kisiasa, ya fedha na ya kiutawala yashuke, na uhusiano wa serikali kuu na halmashauri ubadilike, kutoka kuamrisha hadi kuwezesha na kusimamia sheria.

Kwenye fedha ndiko maneno yanakopimwa. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003 wengi tulishukuru, kwa sababu iliwanyanyasa maskini. Lakini halmashauri zilipoteza chanzo chao cha mapato na kuzidi kutegemea ruzuku ya serikali kuu. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukapelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato ya serikali kuu, na tangu 2021 tunaikatwa tunaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla. Kodi hukusanywa kwa urahisi zaidi, sikatai. Lakini baraza la madiwani lisilo na fedha zake, ambalo mkurugenzi wake ni mteule wa Rais, limebakiwa na madaraka kiasi gani?

Wenzetu wa Kenya, wanaosema ugatuzi, walikwenda mbali zaidi kwa Katiba ya 2010. Kaunti 47 zina magavana wa kuchaguliwa, na sheria inazihakikishia kwa pamoja mgawo usiopungua asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa. Zina ubadhirifu wake na migogoro ya kila mwaka kuhusu fedha kuchelewa, lakini Rais hawezi kumhamisha gavana kwa barua.

Kwa hiyo ofisi mpya ikifunguliwa kwenu, ipokeeni na muitumie, ila iiteni kusogeza huduma. Na mgeni rasmi akisema ni ugatuaji, muulizeni kwa adabu ni uamuzi gani, uliokuwa ukifanywa wizarani, ambao kuanzia sasa utafanywa na baraza la madiwani.