Tempe: soya iliyochachushwa na faida zake mwilini

Tempe ni chakula cha asili ya kisiwa cha Java, Indonesia. Soya huchemshwa, kisha huchachushwa kwa kuvu wa jamii ya Rhizopus mpaka nyuzi zake nyeupe zizifunge punje kuwa kipande kigumu cha kukatwa kwa kisu. Gramu 100 zina takriban gramu 19 za protini.

Faida kubwa iko kwenye umeng'enyaji. Soya ina fitati, ambazo hushika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe vizuri. Ina pia sukari za rafinosi na stakiosi, ambazo binadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzila na tumbo hujaa gesi. Kuloweka na kumwaga maji hupunguza sehemu ya fitati na sukari hizo, na kuvu huendeleza kazi hiyo, huku akikatakata protini kuwa vipande vidogo. Kwa anayepata chuma kutoka nafaka na mikunde tu, kupungua kwa fitati kuna uzito kuliko sifa nyingine zote zinazotangazwa.

Usiitafute kwa ajili ya vijidudu hai, maana tempe hupikwa na moto huviua. Wala usiitegemee kwa vitamini B12: kuvu huyu haitengenezi, na inayopatikana hutokana na bakteria walioingia, kwa kiasi kisichotabirika.

Ukitengeneza nyumbani, loweka nusu kilo ya soya usiku kucha, menya maganda, chemsha mpaka ilainike, kisha ikaushe kabisa. Hapa ndipo wengi huharibu: punje zenye majimaji huwapa bakteria nafasi, tempe ikawa na utelezi na harufu kali ya amonia. Ikiwa hivyo, tupa. Punje zikipoa chini ya nyuzi 35, changanya siki vijiko vikubwa 3 na chachu ya tempe (mbegu za kuvu wa Rhizopus) kijiko kidogo 1. Tia kwenye mfuko uliotobolewa, unene wa sentimita 2 hadi 3, uweke penye nyuzi 30 hadi 32 kwa saa 24 hadi 48. Baada ya nusu siku hivi hujitia joto yenyewe, kwa hiyo punguza joto la nje. Madoa ya kijivu au meusi karibu na matundu ni mbegu za kuvu, hayana madhara.

Mwenye mzio wa soya asiile, uchachushaji hauondoi mzio. Anayemeza levothairoksini, dawa ya upungufu wa homoni ya tezi ya shingoni (thairoidi), aachanishe dawa na tempe kwa saa kadhaa, kwa kuwa soya hupunguza ufyonzwaji wake.