Jarida la shehia: mambo tunayodanganyana

Ukitaja kutoa jarida la shehia huku Pemba, wa kwanza kukujibu atakwambia hizo ni kazi za wafadhili, kaa ungoje mradi. Uongo mtupu. Chukua jarida la kurasa 16 la saizi ya A5, yaani karatasi za A4 unazikunja katikati, kila karatasi inakupa kurasa nne, kwa hivo nakala moja inakula karatasi nne basi. Nakala 200 ni karatasi 800, na rimu moja ina 500, rimu mbili humalizi. Kilobaki ni wino, pini na vijana wa kukaa mkekani kukunja. Pesa zinapotea kwengine, kwenye kutaka kuonekana wakubwa.

Mfano hili la "bila ya rangi halisomwi". Nani kasema? Watu wanataka kujua bomba la maji la mtaani litatengenezwa lini na nani kafaulu skuli, hawatizami kama ukurasa wa tisa una kijani. Ndani piga nyeusi tupu, kava kama roho inauma toa ya rangi, au nunua karatasi yenyewe ya rangi, ya manjano au buluu, upige wino mweusi juu yake, inapendeza vizuri tu. Na karatasi ya kung'aa ya nini, gramu 80 za kawaida zinatosha, tena zinakunjika bila ya kupasuka mgongo.

Halafu kuna wale wa "chapa nyingi ndo rahisi". Hapa wana nusu ya ukweli. Mashine kubwa za uchapaji zinatumia pleti, yaani mabamba ya kuchapia yenye kurasa zako, na gharama ya kutengeneza pleti ni ileile uchape 50 au 5,000, kwa hivo ukichapa maelfu kila nakala inashuka bei. Lakini shehia yako ina wasomaji maelfu? Kwa nakala 100 au 200 nenda kwenye printa ya kidijitali au fotokopi ya steshonari, unalipia unachotoa. Maana hizo ziada zikikaa chini ya kitanda mwisho wake zinafungiwa ubuyu, na bei ya "rahisi" ushailipa.

Sasa hili ndo linawaliza watu khasa: "kurasa zikizidi mbili si neno". Ni neno. Jarida la kukunja na kupiga pini katikati lazima kurasa zigawike kwa nne, 8, 12, 16, 20. Ukileta 18 ama unapunguza mbili ama unatafuta mbili nyengine, usipofanya hivo utatoka na kurasa tupu ambazo umezilipia. Na mpangilio wake sio moja mbili tatu. Kabla hujaenda popote chukua karatasi nne tupu, ziingize pamoja uzikunje, andika namba za kurasa kwa penseli kuanzia kava mpaka mwisho kisha zifungue. Karatasi ya nje utakuta 16 na 1 ziko upande mmoja, ukigeuza ni 2 na 15, na kila jozi ukijumlisha inakuja 17. Hicho ndo kiolezo chako, mpe na mtu wa printa akione kwa macho, kwa sababu ukimpelekea faili tu anaweza kukutolea kama barua ya ofisini. Pini nayo, stepla ya kawaida haifiki katikati, ama uazime ile ya mkono mrefu ama uifungue ya kawaida, uweke boksi chini, upige halafu ukunje miguu ya pini kwa kijiko. Vidole vitauma kidogo.

Picha za WhatsApp "mbona kwenye simu ziko safi". Kwenye simu ndio. WhatsApp inaibana picha, na uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa kila inchi, kwa hivo picha ya kujaza upana wa A5 iwe na pikseli kama 1,750 hivi. Mwambie aliyepiga akutumie kama dokumenti, sio kama picha. Na iongeze mwanga kabla ya kuchapa, nyeusi kwenye karatasi inazidi kuwa nyeusi, sura za watu zinapotea.

Programu za kulipia za kupangia kurasa? Scribus ni bure, LibreOffice bure, ukishazipakua hata bando hazitaki.

"Kijarida kidogo, sheria ya nini?" Hapana jamani. Watu wanaisoma ile Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 wakaona haiwahusu, na kweli ile ni ya Bara. Lakini Zanzibar kuna Sheria Namba 5 ya 1988 ya usajili wa mawakala wa habari, magazeti na vitabu. Nenda Idara ya Habari Maelezo ukaulize kabla hujachapa, sio baada.

Na hao wanaosema kwetu hakujazoeleka mambo ya majarida, Msimulizi ilikuwa ikichapwa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, na wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, kwa Kiswahili. Hawakuwa na kompyuta.

Wengine wanapanga kutoa kila mwezi. Mie nasema toleo kila miezi mitatu, tena angalia msimu wa karafuu. Wenye maduka Wete na Konde wakati huo wana pesa ya tangazo, kwa hivo wafate mapema na uchukue malipo mkononi kabla ya kuchapa, lakini makala zako ziwe zishakusanywa, maana karafuu zikianza kuchumwa waandishi wako wote wako juu ya mikarafuu na simu hawapokei.