Sahani Moja, Vipimo Viwili

Wagonjwa wengi wa kisukari ninaowapokea hapa Tanga wana mashine ya kupimia sukari nyumbani. Mara nyingi ameinunua mtoto aliyeko Dar es Salaam, ikaja na kopo la stripu, vile vijiti vya kuwekea tone la damu. Mzee anapima asubuhi kabla ya kula, anaona 11 (namba za sukari humu ni za milimoli kwa lita, mmol/L), roho inamwenda mbio, anairudisha kabatini. Siku nyingine anaona 9, anamshukuru Mungu. Stripu zinaisha, na hakuna alichojifunza zaidi ya kile alichoambiwa hospitali: sukari iko juu.

Mimi ni mtaalamu wa lishe, na jambo hili linaniuma kwa sababu stripu si bei ya mchezo. Zitumie hivi: chagua mlo mmoja, upime kabla hujaanza kula, kisha upime tena saa 2 tangu tonge la kwanza lilipoingia mdomoni. Kipimo cha kwanza kinakwambia umeanzia wapi, cha pili kinakwambia sahani ile imefanya nini. Pembeni ya namba andika ulichokula, na kiasi chake. Nikifungua daftari la namna hiyo nina kazi ya kufanya. Nikifungua lenye namba za asubuhi peke yake, nabaki kubahatisha.

Malengo yanayotumika sana kwa mtu mzima mwenye kisukari asiye mjamzito ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa 2 baada ya kula. Daktari anaweza kumlegezea mzee sana au mtu anayeshukwa na sukari mara kwa mara. Mimi lakini natazama zaidi ile tofauti. Sukari ikipanda kwa 2 au 3 baada ya mlo, sina ugomvi na sahani hiyo. Ikipanda kwa 5 au 6, tukae tuzungumze.

Kuna mama mmoja wa Makorora, fundi cherehani, ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja. Alikuja akiwa ameacha sukari kwenye chai, ameacha soda na maandazi, na kwenye harusi ya mdogo wake hata visheti hakuonja. Kipimo chake cha miezi mitatu (HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya muda huo) bado kilikuwa zaidi ya asilimia 9. Akaniambia, "Mwanangu, nimeacha kila kitu. Sasa niache na kupumua?"

Sikumwongezea katazo. Nilimwomba apime chai ya asubuhi tu, kabla na baada, kwa siku tatu. Siku ya kwanza alikula kama kawaida yake: chai ya rangi bila sukari, muhogo wa kuchemsha, na glasi kubwa ya juisi ya machungwa ya Muheza aliyoikamua kwa mkono wake. Kabla 8.1, baada 15.3. Siku ya pili muhogo uleule, maji badala ya juisi: 7.9, kisha 12. Siku ya tatu muhogo nusu, vibua wawili wa mchuzi na kachumbari ya kutosha: 8, kisha 10.2. Alirudi na daftari amelipigia mstari mwekundu ile siku ya kwanza. "Kumbe na hii tamu ya Mungu nayo inahesabiwa?"

Inahesabiwa, mama. Glasi kubwa inameza machungwa manne au matano. Ukila chungwa zima na nyama zake, moja linakutosha, na nyuzinyuzi zake zinaipunguzia sukari kasi ya kuingia kwenye damu. Ukikamua na kuchuja unabakiza maji matamu, yanayopita tumboni upesi. Machungwa hakuyaacha; anakula moja, mchana, kwa kulimenya.

Hapo ndipo ninapoona faida ya mtaalamu wa lishe na mashine kufanya kazi pamoja. Bila ile mashine ningempa karatasi yenye orodha ya vyakula, ileile ninayompa kila mtu. Na bila mtu wa kulisoma daftari, huenda angelaumu muhogo akaendelea na juisi.

Naomba niseme wazi kuhusu dona, maana wengi wanaumia hapo. Unga wa dona ni bora kuliko sembe: umebaki na pumba na kiini, kwa hiyo una nyuzinyuzi, vitamini na madini zaidi. Lakini ukishasagwa laini, wanga wake bado unakuwa sukari kwenye damu, na haukawii. Mtu akiambiwa "wewe kula dona tu", analigeuza dawa. Sembe alikuwa anakula ugali wa ukubwa wa ngumi moja. Dona anakula ngumi mbili na kuongeza. Uji wa ulezi nao ni vivyo hivyo: kikombe kidogo sawa, bakuli zima asubuhi linapandisha. Usiniamini kwa maneno, pima.

Wali wa nazi una tabia yake. Mafuta ya tui yanachelewesha tumbo kutoa chakula, kwa hiyo baada ya saa 2 unaweza kuona namba nzuri ukaenda kulala, kumbe sukari bado iko njiani. Kwa wali wa nazi, pilau na biriani naomba na kipimo cha saa 4, walau mara moja, uujue mwili wako. Wali haufukuzwi mezani. Punguza kiasi, ongeza mchicha au bamia, weka samaki au maharage. Ukiweza, anza na mboga na kitoweo, wali uje mwisho. Tafiti zimeonyesha mpangilio huo unapunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo. Najua sisi tumezoea kuchanganya kwenye tonge, lakini jaribu. Kisha tembea dakika 10 au 15 kabla hujakaa barazani, kwa sababu misuli inayofanya kazi inachukua sukari kutoka kwenye damu.

Sasa mikono. Mtu amemenya embe, amejifuta kwa kitambaa, ametoboa kidole: 17! Nyumba nzima inahaha. Ananawa kwa sabuni, anakausha vizuri, anapima kidole kingine: 8. Sukari ya embe ilikuwa kwenye ngozi, na kufuta kwa spiriti hakutoshi kuiondoa. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, panauma kidogo kuliko katikati. Kopo la stripu lifunge papo hapo. Unyevu na joto la mji wetu huziharibu, basi zisikae dirishani wala jikoni. Tarehe ya mwisho wa matumizi isome.

Na usigombane na mashine kwa tofauti ndogo. Kiwango cha kimataifa cha ISO cha mwaka 2013 kinairuhusu kupishana na maabara hadi asilimia 15 sukari inapokuwa 5.6 au zaidi. Maabara ikisema 10, mashine ikisema 9 au 11, zote ziko sawa. Ndiyo maana mlo mmoja tunaurudia siku kadhaa kabla ya kuuhukumu.

Wengine wananiuliza: sikula kitu usiku, mbona asubuhi iko juu? Alfajiri homoni za mwili hulisukuma ini limwage sukari iliyowekwa akiba, na mwenye kisukari hana insulini ya kutosha kuituliza. Kujinyima chakula cha usiku hakuliondoi jambo hilo. Mwambie daktari, huenda ni dawa inayohitaji kupangwa upya.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao DiRECT, uliofanyika Scotland na Tyneside, Uingereza. Watu wenye kisukari cha aina ya pili, walionenepa, waliogunduliwa ndani ya miaka 6 na wasiotumia insulini, walisimamiwa na wauguzi na wataalamu wa lishe. Kwa miezi 3 hadi 5 walitumia mlo maalumu wa kalori zipatazo 850 kwa siku, kisha wakarudishwa polepole kwenye chakula cha kawaida. Mwaka mmoja baadaye asilimia 46 yao sukari ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kwa waliopata matibabu ya kawaida ilikuwa asilimia 4. Hayo yanatia moyo, lakini dawa zao zilisimamishwa na wataalamu. Tafadhali usiache dawa kwa sababu daftari limependeza.

Ukiwa unatumia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) na ukapunguza wanga, sukari inaweza kushuka mno. Jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio: pima. Ikiwa chini ya 3.9, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Hapo ile juisi ya machungwa ina kazi, nusu glasi. Asiyeweza kumeza asilazimishwe kunyweshwa. Apelekwe hospitali haraka.

Kipimo cha miezi mitatu nacho omba ufanyiwe, lakini kama una selimundu au upungufu wa damu, mwambie daktari mapema. Kipimo hicho kinasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, na zikifa kabla ya muda wake jibu linaweza kuonekana zuri kuliko ukweli. Kwa mgonjwa wa namna hiyo daftari la nyumbani nalitegemea zaidi.

Ukija kuniona, njoo na daftari, mashine yenyewe, dawa zako zote, na bakuli unalolia chakula nyumbani. Ndiyo, bakuli. Ukiniambia "wali kidogo tu" siwezi kujua ni kiasi gani mpaka nione kinachoingia humo.