Volkano kubwa baharini, hatari kubwa pwani? Sivyo

Wengi huamini kwamba volkano ya chini ya bahari ikiwa kubwa, basi na pwani iliyo karibu iko hatarini zaidi. Tazama Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, hapo kwenye visiwa vya Komoro, jirani zetu. Mei 2018 ardhi ilianza kutikisika mfululizo. Mwaka uliofuata watafiti wakakuta mlima mpya wa takriban mita 820, kilomita 50 mashariki ya kisiwa, ambao sasa unaitwa Fani Maoré. Tsunami haikuja. Lava ilitoka kwenye kina cha mita 3,500 hivi, na huko uzito wa maji hauuachi mvuke utanuke ukalipuka.

Hunga Tonga, kule Pasifiki, kasoko yake ilikuwa mita 150 tu chini ya maji. Januari 15, 2022 ililipuka, majivu yakapaa kilomita 57 na mawimbi yakaua watu hadi Peru.

Wala si lazima bahari ipigwe na mlipuko. Desemba 2018 ubavu wa Anak Krakatau, Indonesia, uliporomoka baharini usiku. Watu zaidi ya 400 walikufa bila onyo, maana mitambo ya kutahadharisha tsunami ilikuwa ikisubiri tetemeko kubwa.

Kwa hiyo mtathmini makini huuliza kina, mwinuko wa miteremko na umbali. Kwa Mayotte, mimi ningeiangalia zaidi miteremko mikali ya chini ya maji karibu na Petite-Terre, kisiwa kidogo cha Mayotte, kuliko Fani Maoré yenyewe. Tena Mayotte imezama kwa zaidi ya sentimita 10, na maji ya bamvua yanaingia ndani zaidi kuliko zamani.