“Hatukuandikiana”: maana ya mkataba wa mdomo katika kesi ya deni

Mkataba wa mdomo wa kupeleka bidhaa ni mapatano ambayo mmoja amekubali kumpelekea mwenzake mzigo, na mwenzake amekubali kuulipia kwa bei waliyoafikiana, bila ya masharti hayo kutiwa katika hati iliyosainiwa. Anayedai deni lake mahakamani kwa mkataba wa namna hiyo hana budi athibitishe kwamba walipatana, kwamba walipatana nini, kwamba mzigo ulifika, na kwamba fedha anazodai hazijalipwa. Kwa ufafanuzi hayo yanatosha; linalonisumbua ni neno lenyewe, mkataba.

Hivi karibuni, kwenye baraza moja hapa Chake Chake, mvuvi aliyekuwa akiipelekea hoteli moja pweza na changu kwa miezi kadhaa, na ambaye miezi mitatu ya mwisho hakulipwa, aliambiwa na mtu mzima aliyesoma: “Huna mkataba, basi huna kesi.” Mvuvi akanyamaza. Kauli hiyo nimeshaisikia mara nyingi mno, na kila mara anayeisema hukusudia jambo moja na kutaja jengine.

Kosa lina chimbuko lake, na chimbuko lenyewe lina utamu. Neno mkataba limetokana na neno la Kiarabu mukataba, lenye mzizi mmoja na kitabu, katibu na maktaba (karatasi haimo katika ukoo huo, ingawa wengi huiingiza). Umbo lake kwa Kiarabu ni la watu wawili kutendeana, kwa hiyo tafsiri yake ya karibu kabisa ni neno tunalolitumia kila siku Unguja na Pemba: kuandikiana. Hata hivyo, katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, mukataba ni jambo mahsusi, nalo ni mapatano ya mtumwa na bwana wake kwamba atajikomboa kwa kulipa mafungu kwa mafungu, na ndiyo yanayotajwa katika Sura ya An-Nur, aya ya 33. Mapatano ya kuuziana hayaitwi hivyo. Jina lake ni akdi, na asili ya akdi ni fundo, yaani kufunga, na wala si kuandika.

Sisi neno akdi tumelibakisha zaidi kwenye ndoa, na biashara tukaipa mkataba. Lakini tazama vitenzi: mkataba hufungwa, na mkataba huvunjwa. Jina tumelichukua kwenye kalamu, vitendo tukaviacha kwenye kamba. Kinachochanwa ni hati, na hati ikichanwa mapatano hubaki pale pale yalipokuwa. Wala hakuna aliyehudhuria akdi ya ndoa, akamsikia walii akiozesha na bwana harusi akijibu “nimekubali” mbele ya mashahidi, kisha akasema kwamba hapana ndoa mpaka cheti kitoke.

Sheria yetu nayo haiko mbali na fundo hilo. Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, imefuata mkondo wa sheria ya India ya mwaka 1872, ambayo hutazama ridhaa ya wahusika, uwezo wao wa kufunga mkataba, na uhalali wa jambo lenyewe na malipo yake. Maandishi hudaiwa pale tu ambapo sheria imeyataka kwa jambo maalumu. Hata Tanzania Bara, ambako sheria ya uuzaji wa bidhaa inataka maandishi kwa mauzo ya shilingi 200 au zaidi, sharti hilo huondoka pale mnunuzi anapopokea sehemu ya mzigo, au anapotoa arbuni (kitu cha kushikia mapatano), au anapolipa sehemu ya bei. Hoteli iliyokwisha kumla pweza haiwezi kusema kwamba haikumpokea kwa sababu hapakuwa na saini.

Wako wanaonijibu kwa aya ya 282 ya Al-Baqara, inayoagiza deni la muda maalumu liandikwe. Ni kweli, na laiti tungeifuata zaidi. Lakini aya hiyo hiyo inataka mashahidi na inasamehe kuandika biashara ya mkono kwa mkono, na wanazuoni wengi wameliona agizo la kuandika kuwa ni la kupendekeza, si sharti la deni kuwa sahihi. Kuandika ni kinga ya haki. Haki yenyewe imeshapatikana kabla ya kalamu.

Baada ya kusema hayo, sitaki nieleweke kwamba neno la mvuvi peke yake linatosha. Mashauri ya madai huamuliwa kwa kutazama upande upi ushahidi wake una uzito zaidi, na mwenye kudai ndiye anayeanza kubeba mzigo wa kuthibitisha. Mvuvi huyu alikuwa na daftari dogo lililolowa chumvi, lenye mistari kama “Jumanne, pweza kilo 18, changu kilo 11”, na kandoni saini ya mpishi. Mistari hiyo inathibitisha kwamba samaki walifika. Haithibitishi bei, wala haithibitishi kwamba mpishi alikuwa na mamlaka ya kufunga mkataba kwa niaba ya hoteli. Na kanuni ya ushahidi tuliyoirithi kutoka India inasema kwamba daftari la biashara linaloandikwa kwa utaratibu hupokelewa, lakini peke yake halimbebeshi mtu deni. Kilichokuwa na nguvu zaidi, na yeye hakukijali, ni ujumbe wa malipo ya miezi ya mwanzo uliokuwa bado umo ndani ya simu yake. Ukizigawa fedha zile kwa kilo zilizomo daftarini, bei inajitokeza yenyewe, ile ile kila mwezi, na aliyelipa ni hoteli, si mpishi.

Jambo jengine dogo ni la wanaoandika hati za madai. Ukiandika tu “kwa mujibu wa mkataba”, wakili wa upande wa pili ataomba nakala, nawe utaonekana umeificha. Sema tangu mwanzo kwamba mapatano yalikuwa ya mdomo, yalifanyika lini na wapi, nani alizungumza kwa niaba ya hoteli, na bei ya kilo ilikuwa ngapi.

Yule bwana wa barazani angesema “huna hati”, angekuwa amesema kweli, na mvuvi badala ya kunyamaza angeanza kukumbuka nani alikuwa amesimama pale pwani siku walipopatana bei.