Kuanza Japa: Sikio Kwanza, Hesabu Baadaye

Wengi wanaoniuliza namna ya kuanza japa, yaani kukariri mantra (maneno matakatifu) kila siku kwa faragha, huanza na swali la idadi: ni duru ngapi za tasbihi na ni dakika ngapi. Swali hilo lina jibu na nitalifikia. Hata hivyo, katika mapokeo ya bhakti, yaani ibada ya upendo, ninayoyafuata, ambayo ni ya Wavaishnava (waabudu wa Vishnu na Krishna) wa Bengal, linalotangulia ni kusikia. Ulimi hutamka, sikio hupokea, na akili hupewa kazi moja tu ya kuifuata sauti hiyo tangu silabi ya kwanza hadi ya mwisho. Mengine yote, kuanzia mala, yaani tasbihi yetu, mpaka saa ya kuamka, yamewekwa ili kuisaidia kazi hiyo.

Kabla ya kusikia lazima pawe na cha kusikia, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa mapema. Zipo mantra ambazo kwa desturi mtu hupewa na guru, mwalimu wa kiroho, katika diksha, sherehe ya kupokelewa uanafunzi, hasa zile zenye bija, yaani silabi fupi kama klim na hrim, na sioni busara ya kuziokota katika video na kuzianza peke yako. Gayatri, ubeti wa Rigveda, andiko la kale la Kihindu (3.62.10), unaomwelekea Savitr, mungu wa jua, nayo ilifungamana tangu kale na sherehe ya kuvishwa uzi mtakatifu, ingawa siku hizi huimbwa hadharani na watu wa kila namna. Mantra za Jina, yaani zinazoita jina la Mungu, ziko wazi zaidi kwa kila mtu. Wanaomwelekea Shiva wana Om Namah Shivaya, ambayo huitwa mantra ya silabi tano kwa kuwa Om haihesabiwi, na maneno yake yamo katika Shri Rudram ya Yajurveda. Wanaomwelekea Vishnu wana Om Namo Narayanaya, yenye silabi nane pamoja na Om. Sisi hukariri mahamantra: Hare Krishna Hare Krishna, Krishna Krishna Hare Hare, Hare Rama Hare Rama, Rama Rama Hare Hare. Ina majina 16 na silabi 32, na imo katika andiko la Kali-Santarana Upanishad, ingawa huko nusu ya Rama ndiyo inayotangulia.

Chagua kwa kufuata yule ambaye moyo wako tayari humkimbilia. Mtu anayempenda Shiva hana sababu ya kukariri Hare Krishna eti kwa kuwa mwandishi huyu anaikariri. Ukishachagua, baki na mantra hiyo kwa miezi, hata pale itakapoonekana kuwa kavu, kwa sababu ukavu huo utakufuata vilevile katika mantra ya pili na ya tatu.

Huulizwa pia kama asiyezaliwa Mhindu anaruhusiwa. Haridas Thakur, ambaye Chaitanya (1486–1534), mwasisi wa mapokeo yetu, alimheshimu kama mwalimu mkuu wa Jina, alilelewa katika familia ya Kiislamu kwa mujibu wa mapokeo, na wasifu wake husimulia kwamba alitaja majina 300,000, yaani laki tatu, kila siku. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, aliyeanzisha ISKCON, jumuiya ya Hare Krishna, mjini New York mwaka 1966, alifika Mombasa na Nairobi mwaka 1971 akiwa na msimamo huohuo, kwamba Jina ni la kila mtu, na mpaka leo katika mahekalu yao utawakuta Wakenya wa asili ya Kiafrika na wa asili ya Kihindi wakikariri bega kwa bega.

Matamshi yanastahili uangalifu, hasa kwetu tuliozoea tahajia ya Kiswahili. Dh ya Radha siyo dh ya dhahabu. Ni d inayotoka na pumzi, kama vile bh ya bhakti ilivyo b yenye pumzi. Krishna lisigeuzwe kuwa Kirishina. Mapokeo yetu hayamhukumu mtu kwa lafudhi yake, lakini sauti isiyotamkwa haiwezi kusikika, na sikio litakuwa limenyimwa chakula chake.

Mala ni tasbihi ya Kihindu: shanga 108 pamoja na moja kubwa zaidi iitwayo sumeru. Wavaishnava hutumia mti wa tulasi, mmea wa jamii ya mrehani, na wafuasi wa Shiva hutumia mbegu za rudraksha. Shika ushanga ulio jirani na sumeru kwa kidole gumba na kidole cha kati, ukiacha cha shahada pembeni, kisha kariri mantra nzima kabla ya kuuvuta ushanga unaofuata. Ukizunguka na kuifikia tena sumeru, usiivuke. Geuza mala na urudi ulikotoka. Mfuko mdogo huufunika mkono, na mala haiwekwi sakafuni wala haiingizwi chooni. Faida yake kubwa, nionavyo, ni kwamba vidole vikishika hesabu, kichwa hakihitaji kuhesabu.

Maandiko hutaja japa ya sauti, ya mnong'ono na ya moyoni. Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria, huipandisha ya mnong'ono mara 100 juu ya yajna (ibada ya sadaka) ya kawaida, na ya moyoni mara 1,000, na kwa sababu hiyo wanaoanza hukimbilia ya moyoni. Mimi huwazuia. Anayekariri kimyakimya asubuhi ya kwanza husinzia, au huwaza mambo yake huku vidole vikiendelea kuvuta shanga. Kariri kwa sauti inayotosha masikio yako mwenyewe, hata kama aliye chumba cha pili hasikii neno. Duru moja ya mahamantra huweza kuchukua dakika kumi au zaidi mwanzoni, na aliyezoea humaliza kwa saba hivi. Ukijikuta unamaliza kwa dakika nne, sikiliza vizuri mwisho wa kila mantra: mara nyingi Hare Hare imekuwa mvumo mmoja tu.

Akili itatoroka. Itakwenda kwenye kodi ya nyumba, kwenye ujumbe ambao hujaujibu, kwenye maneno ya jana. Bhagavad Gita (6.26) haishangazwi na hilo, inaagiza tu kwamba kila inakotangatanga irudishwe. Irudishe kwenye silabi inayotamkwa wakati huohuo, bila kuanza duru upya na bila kujilaumu, kwa maana kujilaumu nako ni kutangatanga.

Kuhusu wakati, kipindi kinachosifiwa ni brahma muhurta, kinachoanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza na kwisha dakika 48 kabla. Kwa sisi tulio karibu na ikweta ni saa kumi na kitu alfajiri karibu mwaka mzima. Asiyeweza achague saa nyingine, ila iwe ileile kila siku. Chaitanya mwenyewe, katika ubeti wa pili wa Shikshashtaka, beti zake nane, anasema kulikumbuka Jina hakukuwekewa wakati maalumu.

Sasa idadi. Waliopata diksha katika ISKCON wameahidi duru 16 kwa siku, yaani mantra 1,728, kazi ya saa mbili hivi. Anayeanza asiige hilo. Duru moja kwa siku inatosha, na asiongeze ya pili mpaka ile ya kwanza iwe haimponyoki hata siku za safari na za ugonjwa mwepesi. Akikosa siku, aendelee kesho na duru moja ileile; kulipa deni la duru ni jambo la mwenye nadhiri, na yeye bado hajaweka yoyote.