Majibu ya sita

Juzi tena. Safari hii ni shemeji wa mteja ninayemtibu hofu ya kuugua, kwa upole kabisa: "Dokta, si aende tu apime mara ya mwisho, roho itulie?"

Mara ya mwisho! Mteja mwenyewe (nimechanganya habari za watu kadhaa, mtu asijitafute hapa) ana faili la plastiki lenye karatasi tano za majibu ya VVU, zote hasi. Ya kwanza ilimpa usingizi wiki mbili. Ya tano haikufika jioni: akiwa bado kwenye daladala, ameshaanza kuwaza kwamba huenda yuko kwenye kipindi cha dirisha (siku za mwanzo ambazo kipimo bado hakioni virusi), au maabara wamechanganya chupa. Shingoni, chini ya sikio la kushoto, ngozi imechubuka kwa kubonyezabonyeza tezi. Tezi inayobonyezwa mchana kutwa lazima iume, na maumivu hayo ndiyo ushahidi wake wa kesho.

Watu wanadhani anakosa habari. Habari anazo kunishinda mimi! Asichoweza ni kukaa na neno "labda". Kila akiambiwa "huna kitu" hofu inashuka, na unafuu ule ule ndio unaomfundisha kurudi kuuliza. Watafiti wa saikolojia Salkovskis na Warwick walilieleza hili tangu 1986. Mke anayejibu "huumwi, baba" usiku kucha anachochea moto, masikini, kwa mapenzi.

Kuhusu CBT ya mtandaoni (tiba ya kubadili mawazo na matendo yanayolisha hofu), kwa kifupi: si kuchati. Ni masomo na mazoezi ya wiki 12 hivi, mtaalamu anasoma na kujibu. Unaacha kugusa tezi. Unapanda ngazi mbio moyo udunde, bila kukimbilia mashine ya presha. Unakwenda msibani ulikokuwa unakwepa. Katika jaribio la Stockholm lililochapishwa 2020, lenye watu 204, haikuachwa nyuma na tiba ya ana kwa ana, na mtaalamu alitumia kama dakika 10 kwa wiki kwa kila mtu badala ya 45. Mteja wangu hunitumia sauti ya WhatsApp ya dakika tisa. Hesabu mwenyewe.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba mwenye hofu naye huugua kweli siku moja. Ndiyo maana nina daktari ninayeshirikiana naye: kipimo anaamua yeye, hofu haiamui. Tezi ikikua, anakwenda. Lakini nani aitazame, wakati nimemkataza kuigusa? Hapo bado nababaisha.

Shemeji nilimweleza yote haya. Akasikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa, dokta. Sasa, apime lini?"